Mita Yangu na Ufito wa Gicheru

Jumatatu, 6 Agosti 1979. Nyeri.
Mita imekamilika! Nyaya mbili za shaba, betri za redio, mshale. Wimbi likipanda, nyaya zinalowa zaidi, umeme unapita zaidi, mshale unapanda. Mawimbi yanakula ukingo wa bwawa, na ofisi inataka kujua kimo cha mawimbi hayo. Gicheru, mwenzangu, ana ufito aliouchora mistari ya rangi, na macho yake. Basi! Alhamisi Bwana Theuri, mkubwa wetu, atakuja kukagua. Atakayemridhisha atachagua kituo cha kazi. Mimi nitachagua Bungoma, nikae karibu na mama. Miaka sita sasa namwona Krismasi tu.

Jumanne, 7 Agosti.
Mshale haujatikisika. Maji ya Mlima Kenya ni safi mno, umeme haupiti. Nikiwa katika kuyatukana, ikaja telegramu ya dada yangu Phelister. Mama amezidiwa, ananiulizia. Karani akasema ruhusa ipo, niondoke leo leo. Nikakataa. Nimwachie Gicheru uwanja? Ijumaa nitampelekea mama habari za uhamisho. Zitampa nguvu kuliko dawa yoyote.

Jumatano, 8 Agosti.
Chumvi! Nimemwaga nusu gunia la chumvi ya ng'ombe pale ukingoni penye mita. Mshale ukaruka! Gicheru akaniuliza mbona bado niko hapa na mama ni mgonjwa. Ati niende tu, yeye atachunga hiyo mita na kumwambia Bwana Theuri ni yangu. Mjanja huyo!

Alhamisi, 9 Agosti.
Aibu. Ng'ombe wa kijiji kizima wamenusa chumvi. Bwana Theuri alipofika, kumi na saba walikuwa majini hadi tumboni, mmoja analamba waya. Mshale ulionyesha wimbi la mita mbili. Bwana Theuri akauliza kama tumehamia Mombasa. Mama Wakonyo, mwenye ng'ombe watano kati ya hao, akanishukuru mbele ya watu kwamba serikali imewakumbuka. Gicheru akasoma ufito wake: sentimita ishirini na mbili. Akaambiwa achague kituo. Amechagua papa hapa alipo!

Jumamosi, 11 Agosti. Bungoma.
Nilifika jana jioni, nikakuta uani watu wamejaa. Mama alifariki Alhamisi asubuhi. Phelister anasema aliuliza mara tatu kama basi la Nyeri limefika. Nimelia mpaka sauti imekauka. Nilikuwa nafukuza ng'ombe, mimi.

Jumanne, 14 Agosti.
Jana tulimzika. Baba hajala. Ameniomba nikae hadi keshokutwa, siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga, maana nyumba imekuwa kubwa na yeye haizoei. Nimemweleza kwamba haitawezekana. Keshokutwa Bwana Theuri anakagua bwawa la Kerugoya, na safari hii nitazungushia mita uzio wa seng'enge. Nikishapata uhamisho wa Bungoma, nimemwambia, tutakaa pamoja kila siku. Alinigeuzia mgongo akaingia ndani, lakini naona ameelewa. Basi langu ni kesho alfajiri.