Siku Niliyogeuka Kizibo cha Kidimbwi

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima, kwaya ikiwemo. Sina pa kuweka uso.

Wacha nianze na hicho kidimbwi. Likizo ya Desemba nilimwomba mzee, baba yangu, kile kipande cha shamba cha chini, karibu na migomba, nichimbe kidimbwi cha samaki. Akacheka, akanipa. Kabla hata shule hazijafunguliwa, jua likapasua shimo nyufa, kuku wakawa wanaogea vumbi humo. Mvua ya Aprili ikaja, ukuta mmoja ukalala chini kama mlevi. Nikaujenga upya kwa udongo wa mfinyanzi. Sasa ni Agosti, kunanyesha kila alasiri, na maji yamefika kiunoni. (Nimekipiga picha kuliko ninavyojipiga mwenyewe.) Kilichobaki ni kuweka vifaranga vya samaki.

Mzee alikuwa na sharti moja tu: "Maji yakitoroka tena, napanda nyasi za nepia humo. Ng'ombe wangu hali samaki."

Wiki hii mto umefura, na kanisa lilikuwa na watu wa kubatizwa. Mama, bila kuniuliza, akasimama akatangaza: "Kwetu kuna maji yametulia." Ikapangwa iwe Sabato ya leo, baada ya ibada. Mimi simo kwenye hao wa kubatizwa. Darasa la ubatizo nimelikwepa tangu nikiwa na meno ya utoto.

Ibada ilipoisha nikatangulia mbio kukagua. Nikasikia: chururuuu. Moyo ukashuka mpaka kwenye soksi.

Chini ya ukuta kuna paipu nene ya kutolea maji. Kizibo chake nilikichonga kwa kipande cha mgomba. (Ndiyo, mgomba. Kwetu ukikosa kitu chochote unakata mgomba.) Kilikuwa kimeoza, laini kama matoke ya jana. Nikakigusa tu, kikaenda chote.

Nikakimbilia panga jikoni nichonge kingine. Mama, aliyewahi nyumbani kuandalia wageni, akanidaka mlangoni.

"Ombati! Panga? Siku ya Sabato?"

"Mama, ni kakitu kadogo tu..."

"Yaya! Hapana! Rudisha! Pastor atukute tunakata miti?"

Nikajaribu kuziba kwa majani, yakapita. Nikajaribu jiwe, likapita. Nyimbo zikaanza kusikika njiani, zinakaribia. Nikavua suti ya kanisani, nikavuta kaptula yangu ya michezo kwenye kamba ya nguo, nikaingia majini. Nikaikalia paipu.

Maji yakanyamaza. Kizibo kimepatikana!

Yalinifika kidevuni. Ni baridi, wapendwa! Meno yalipiga kayamba. Kanisa likafika, likajipanga ukingoni. Kwaya ya vijana ikasimama kule nje, chini ya ukuta, penye nafasi. Pastor akaingia na joho lake, akasimama.

"Kijana, unafanya nini humo?"

Mzee alikuwa palepale, mikono nyuma, akipima maji kwa macho. Nikisema ukweli, nepia.

"Nasubiri, Pastor."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri tu."

Kisha sauti ya mama: "Nyasae one! Mungu wangu! Mtoto wangu ameguswa!" Akaanza kulia. Wanawake wakaitikia Amina. Kwaya ikapandisha sauti. Pastor naye macho yakalegea.

"Inuka basi, mwanangu, tuombe pamoja."

"Naomba niombewe nikiwa nimekaa."

"Inuka tu."

"Niko sawa hapa, Pastor. Kabisa."

Bibi mmoja akasema kwa sauti: "Huyo si yeye. Kuna kitu kimemshika huko chini." (Alikuwa sahihi. Paipu ilikuwa imeshameza nusu ya kaptula.)

Mashemasi wawili wakaingia na viatu vyao, wakanishika makwapa. "Mwachie! Mwachie kijana!" Wakavuta. Nikang'ang'ana. Wakavuta tena.

PWAA!

Mimi nikatoka. Kaptula ikabaki.

Paipu ikakohoa kule upande wa pili, ikaitema kaptula hadi miguuni pa Kemunto wa sauti ya kwanza, ambaye tangu Aprili napanga kumsalimia. Akaiokota kwa vidole viwili. Akaigeuza. Sasa, mama yangu huandika nguo zote za bweni kwa wino usiotoka, herufi kubwa, jina na darasa, kwenye makalio. Kemunto akasoma, kwa ile sauti yake nzuri:

"OMBATI, THREE EAST."

Hapo maji yakafuata na kwaya ikatawanyika.

Kidimbwini maji yakaanza kushuka. Nami nikashuka nayo. Yakifika kifuani, nachuchumaa. Yakifika kiunoni, nalala. Mwishowe nilikuwa nimelala matopeni kama kambare, na boksa kubwa ya bluu niliyoifunga kwa kamba ya mgomba. Pastor alikuwa amezama mpaka magotini.

Mzee, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akainama akatazama vizuri.

"Hiyo boksa si yangu?"

Watu walicheka mpaka bibi yule akaketishwa.

Jua lilipozama mzee akatoa hukumu: "Kesho nepia."

Mama akatua sufuria. "Nepia gani? Nimeshaambia watu mtoto wangu ameguswa. Atabatizwa palepale, mbele ya haohao waliocheka. Wewe tafuta koki ya chuma."

Mzee akanigeukia. "Utaenda darasa la ubatizo?"

Nikawaza samaki wangu. "Nitaenda, Tata."

"Bila kutoroka?"

"Bila kutoroka."

Kwa hivyo kidimbwi kimeokoka. Mimi bado niko kwenye foleni.

Na Kemunto, najua unasoma hii. Jumatatu shule inafunguliwa. Naomba kaptula.