Unachaji Nyumbani Kama Simu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeutangazia ukoo mzima: Jumapili mama nitamtoa hospitali mimi. Atakuwa ameshafanyiwa operesheni ya jicho, na nimeapa jicho hilo likifunguka lisikutane na pikapu la kaka. Miaka yote mama anapakiwa kwenye lile debe la dizeli, na akishuka anambariki kaka kwa jina. Mimi nabarikiwa kwa jumla, pamoja na wajukuu.

Gari langu la umeme liko chini, linang'aa. Chaji asilimia kumi na moja. Aliyeniuzia alisema unachaji nyumbani kama simu. Hakuniuliza nyumbani ni ghorofa ya ngapi. Ni ya tatu! Simu napanda nayo ngazi. Kwa hili bado sijapata jibu, lakini nina siku sita na kichwa kizuri.

Jumanne, 4 Juni

Nimeunga nyaya nne za eksitensheni na kuzishusha dirishani jikoni. Tangu asubuhi hadi jioni: zimeongezeka asilimia sita. Mke wangu akiwasha birika, umeme wa nyumba nzima unakatika. Nimemwomba asichemshe chai wala asipige pasi mpaka Jumapili. Akaniuliza nitaenda kazini na shati gani. Nimeenda na lililokunjamana.

Soketi imeanza kunuka plastiki. Fundi umeme kaja, kaigusa, kavuta mkono haraka. Eti waya huu ni wa taa na redio. Gari linataka waya mnene, laini yake peke yake kutoka kwenye mita, na ruhusa ya mwenye jengo. Nikamwambia anatafuta ulaji tu. Akafunga begi lake na kuondoka bila kubisha, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Chumba cha pampu ya maji. Kiko hatua tano kutoka ninapoegesha, kina soketi kubwa na waya mnene kama kidole gumba. Ufunguo ninao mimi, kwa sababu ndimi katibu wa kamati ya wapangaji.

Mlangoni pana tangazo: ni marufuku kuchomeka kitu chochote isipokuwa pampu, na atakayekiuka atatolewa kwenye kamati. Sahihi ni yangu. Nililiandika mwaka jana kwa ajili ya Mwalimu Mstaafu wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akichomeka humo mashine yake ya kufulia. Bibi yule tangu hapo hanisalimii, ananitazama tu kama anayenipa alama za mtihani. Lakini sheria hutazama nia, na nia yangu ni mama mzazi. Nimechomoa pampu, nimechomeka gari. Tangi la juu limejaa. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Juni

Asilimia thelathini na tisa. Kaka kapiga simu, kauliza kwa upole kama safari itawezekana au aje yeye. Upole wake ndio unaonimaliza. Akinisaidia leo, mama ameshasikia kabla sijasema ahsante. Nikamwambia alipumzishe pikapu lake, linakohoa kama mgonjwa.

Ijumaa, 7 Juni

Operesheni imekwenda salama. Kasema kaka. Alikuwepo.

Mimi nilikuwa kwenye kikao cha dharura uani. Jengo zima halina maji. Kama katibu nikafungua kikao na kulaani vikali uzembe wa watu wa maji. Katikati ya hotuba Mwalimu Mstaafu akainuka. Akaufuata waya kwa ncha ya fimbo yake, kutoka mlango wa pampu hadi kwenye gari langu, polepole, kama anayesahihisha daftari la mtoro. Akauchomoa. 

Kura ya kunivua ukatibu: mikono yote juu. Mmoja ulikuwa na pete niliyouvisha mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mke wangu kasema alikuwa na povu la sabuni kichwani tangu alfajiri, nisimwulize zaidi.

Asilimia hamsini na nane.

Jumamosi, 8 Juni

Hospitali iko kilomita hamsini na tano. Kwenda na kurudi, mia na kumi. Gari linasema lina mia na kumi na sita. Yaani sita za ziada, anasa kabisa. Masharti: mwendo wa arobaini, kiyoyozi kimezimwa, redio kimya. Mwenda pole hajikwai.

Mke wangu akauliza kwa nini mama asije na kaka tu, maana kinachotakiwa ni mgonjwa afike. Nikamwambia haelewi. Anaelewa sana, hilo ndilo tatizo.

Jumapili, 9 Juni

Nilifika. Saa moja na nusu barabarani, malori yakinipigia honi, hata baiskeli moja. Lakini nilifika!

Kaka alikuwa langoni na pikapu lake. Eti kaja endapo itatokea lolote. Nikamjibu kwamba hakuna lolote. Akasema sawa, atakuwa nyuma yetu.

Mama akatoka na miwani myeusi, akakaa mbele. Tulipoondoka akauliza kama injini imewaka. Nikamwambia ndiyo. Akasema gari hili lina adabu. Kisha akasema nimefanya vizuri. Mimi! Kwa jina!

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikamwashia kiyoyozi. Nikamwekea redio. Nikaona pikapu kwenye kioo na sikutaka kuliona tena, nikakanyaga. Asilimia zikawa zinashuka nami nikitazama pembeni. Zilibaki kilomita kumi na mbili, gari likazima kwenye kilima. Mama akauliza kama tumefika.

Jua kali, jicho bichi. Kaka akafika, akamwinua mama na kumhamishia pikapuni. Hata kunicheka hakunicheka, mshenzi. Gari la umeme haliburuzwi, linabebwa, kwa hiyo lazima lisubiri lori. Mama akiwa ameshakaa pikapuni akavua miwani na kunitazama kwa muda mrefu. Hajaniona vizuri kwa miaka minne. Akasema nimeota mvi, na kwamba nimekonda. Akasogea katikati, akapapasa kiti. “Panda, mwanangu. Gari litafuatwa baadaye.”

Nikasema siwezi kuliacha. Wakaondoka. Nilikaa juu ya jiwe hadi jioni, na nilitamani kulia lakini watu walikuwa wanapita.

Jumatatu, 10 Juni

Gari limerudi juu ya lori mbele ya jengo zima. Mwalimu Mstaafu alitoka na kiti ili atazame.

Mama kapiga simu kutoka kwa kaka. Anasema jana aliniona kidogo tu, niende leo akanitazame vizuri. Kwa kaka ni basi moja, dakika ishirini. Nimemwambia naja gari likijaa. Siwezi kushuka kwenye basi mbele ya kaka. Mama akasema basi sawa.

Nimezishusha tena nyaya dirishani jikoni. Asilimia nne. Mke wangu kaenda kuchemsha chai kwa jirani.

Nimefikiri sana na nimegundua kosa: nilipaswa kuondoka mapema zaidi. Jicho la pili ni mwezi ujao. Nimeshaandika kwenye kundi la ukoo kwamba mtu asijisumbue, mama nitamchukua mimi.