Stebilaiza Nimefunga, Mkwe Nimempakia

Jamani, aibu niliyoipata leo haitoki hata kwa sabuni ya magadi.

Kigari changu mnakijua. Injini ya tabo, kiko chini chini, rimu pana. (Kilosa nzima inakijua, kwa makelele.) Mwezi uliopita nilimpakia Mzee Shomari, baba yake Mwanaidi, mchumba wangu. Kona ya kwanza gari likalala, mzee akalala nalo. Kona ya pili akatapika.

"Kijana," akaniambia, "gari linalolala hivi binti yangu hapandi. Lirekebishe, unipeleke Mikumi. Nikifika salama, tutapanga siku ya harusi."

Nikaapa. Nikaagiza Dar stebilaiza nene, zile fimbo za chuma zinazozuia gari kulala kwenye kona, pamoja na linki mpya za kuzishikia. Fundi akasema nimwachie. Thubutu! Mchumba wangu, gari langu, nafunga mwenyewe.

Leo asubuhi nikaingia uvunguni, hapo nje kwangu, njia ya sokoni. Balaa! Kila mzee akipita lazima nitoke, nijifute, "Shikamoo." "Marahaba." Narudi chini. Anapita bibi. Natoka tena. (Umwamkie mtu mzima ukiwa umelala chali? Utahama mji.) Lakini sikukata tamaa. Nikafunga, nikafunga, mpaka ikabaki nati moja tu ya linki ya mbele, nimeikamata kiganjani.

"Hodi hapo!"

Mzee Shomari! Kanzu nyeupe, kofia mpya. Nikachomoka mbio, kichwa nikakigonga kwenye bampa.

"Shikamoo baba!" Nikampa mikono yote miwili.

"Marahaba mwanangu. Tayari?"

Mkono wake akauingiza haraka mfukoni mwa kanzu. Nikajua anaficha grisi niliyompaka, maskini.

"Tayari kabisa, baba!" Nikashusha jeki, tukaondoka.

Acheni bwana! Kona tunakata gari limesimama wima. Mzee anatabasamu. "Hapo sasa," akasema. Nami nikazidi kukanyaga mafuta. Karibu na Kilangali tukaingia kwenye mashimo. Ngo! Ngo! Ngo! Kona iliyofuata gari likalala, mzee akaniangukia begani, kofia yake ikatua kwenye gia.

Nikaingia uvunguni. Linki imechomoka, nati haipo. Watu waliokuwa wanatoka shamba wakajaa kutazama. Nikapekua mifuko, nikapekua viti, nikapiga magoti kupapasa vumbi. Nikaiona harusi inaondoka hivihivi.

"Baba, kuna nati siioni," nikasema, machozi yananilenga.

Mzee akatia mkono mfukoni mwa kanzu. "Ni hii?"

Ilikuwa hiyo!

"Uliniwekea mkononi uliponiamkia," akasema. "Na mtu akinishika mkono, mimi siangalii alichonipa mbele yake. Nikadhani sarafu. Nikasema moyoni, huyu mkwe bahili, lakini adabu anayo."

Wale watu wa shamba! Mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka. Nikaikaza ile nati kwa hasira. Safari ikaendelea, gari halikulala tena, Mikumi tukafika. Nikamtazama mzee.

"Harusi ipo," akasema akishuka. "Ila mahari aje anikabidhi mjomba wako."

Naombeni msicheke. Na wazee wangu wa Kilosa mnisamehe, kuanzia kesho shikamoo nitaitolea humohumo uvunguni.