Mwaka Mmoja, Karatasi Nne

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Mwalimu Veronica wa historia, shule yetu ya watu wazima, anataka kila wawili walete karatasi nne: miaka minne ya kale na yaliyotokea. Mwenzangu ni Clovis, Mkongo wa hapahapa mtaani kwetu Husby. Yeye anaihitaji alama hii kweli. Bila hiyo hawezi kuomba nafasi ya kusomea uuguzi mwaka huu. Mama yake, Mama Léontine, amesafisha hospitali miaka kumi na moja akingoja kumwona mwanawe mle ndani na sare ya muuguzi. Nikamwambia Clovis alale. Kichwa kipo!

Jumanne, 8 Aprili
Nimepata njia. Mwaka 100 wetu, Warumi wakihesabu tangu mji wao uanze ni 853. Wayahudi, 3860. Wahabeshi, 92. Mwaka mmoja, majina manne! Kazi imebaki robo. Matukio nimetunga: 853 mafuriko, 92 ukame, 3860 vita, 100 amani tele. Clovis akaniuliza, yaya Wasswa (kwao yaya ni kaka), una hakika? Nikamcheka. Akanakili kwa mwandiko wake mzuri.

Alhamisi, 10 Aprili
Nilisingizia koo linauma. Clovis akasimama peke yake. Mwalimu alikuwa amefunga kamba ukutani, kila mwaka unabanwa mahali pake kwa hesabu ya leo. Akabana 100. Akachukua 853 ya Warumi, akapiga hesabu, akaibana palepale. Kisha 92. Kisha 3860. Karatasi nne, kibanio kimoja! Akamwuliza Clovis taratibu, watu hao walikufa kwa kiu au kwa maji? Clovis akanitazama. Nikakohoa.

Tumeanguka wote. Mimi nimezoea. Kurudia ni baada ya kiangazi; maombi ya uuguzi yatakuwa yamefungwa.

Jumapili, 13 Aprili
Kanisani, matawi mkononi. Clovis alihama benchi. Mama Léontine ndiye aliyenijia. Heri angenitukana. Akaninyoosha kola, akasema polepole: "Mutoto yangu, mwaka moja kwako ni kitu kidogo. Miye magoti inaniuma."

Kwa nini nilikohoa? Ningesema tu ni mimi. Neno moja. Najuta, kabisa.

Lazima nirekebishe. Na nimeshapata! Kwa Wahabeshi sasa ni 2017. Basi Clovis hajapoteza mwaka wowote. Ana minane ya akiba. Kesho nampelekea mama yake hesabu hiyo kwenye karatasi safi.

Clovis ataninakilia. Ana mwandiko mzuri.