Mkanda wa Tundu la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye umefungua! Wewe, mjukuu wangu, uliyeninunulia daftari hili, ukanifundisha herufi juu ya meza ya jikoni, kisha ukayeyuka. Wiki tano! Bega langu limepasuliwa, limeshonwa, nyuzi zimetolewa, wewe hujatia mguu hapa. Simu si miguu. Najua utasoma kwa siri nikiwa jikoni, kama ulivyosoma mara ile ukaacha alama ya mafuta ya nywele kwenye ukurasa wa pili. Soma. Ila uone haya kidogo.

Habari ni hizi. Mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni. Vidole viko huru, ndivyo vinavyoandika. Bega lenyewe halina habari. Kila mtu anadhani niliumia nikinyanyua chuma. Nimewaacha wadhani. Ukweli ni kabati. Nililisukuma peke yangu kwa sababu sikutaka kumwomba mtu.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano ni shindano la wazee la kunyanyua chuma pale ukumbini. Miaka kumi na moja sijakosa. Safari hii sitapanda jukwaani, na maana yake unaijua. Mkanda! Ule mkanda wa ngozi aliouunda marehemu babu yako kwa mikono yake, unaokaa kwa mshindi mwaka mzima. Miaka yote kumi na moja umekaa kwangu. Sasa utaondoka uende kwa Mama Mizani, muuza nafaka wa sokoni, wa pili wa kudumu! Sharti moja tu linaweza kuniokoa: asipofikisha kilo mia, mkanda unabaki ulipo. Hajawahi kuvuka tisini na saba. Lakini mwaka huu ana macho ya njaa.

Mkanda hautoki humu ndani. Nimesema.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda hospitali kwa Binti wa Viungo, yule anayetufanyisha mazoezi baada ya upasuaji. Mpango: aone nimepona, aniandikie barua, nipande jukwaani kama kawaida.

Zoezi ni kutambaza vidole ukutani mpaka mkono ukatae. Ukikataa, anaweka alama kwa penseli. Alipogeuka kuchukua karatasi, nikasimama kwa ncha za miguu. Vidole vikapanda vizuri mno! Akageuka. Akatazama ukuta, akatazama miguu yangu. Akasema bibi, mimi kazi yangu bega, visigino sikuviuliza habari. Kisha akanipima kwa kile kipimo chake cha plastiki, akasema kano zilizoshonwa bado changa, na kwa miezi mitatu mkono huo usibebe kitu kizito kuliko kikombe cha chai.

Kikombe! Mimi niliyebeba magunia ya saruji miaka ishirini na miwili, tena mawili kwa mpigo siku mkuu wa ghala alipotaka kunikomoa!

Nimemwambia ana mikono laini na ulimi wa msumeno. Akacheka. Nampenda, mjinga yule. Nimemwambia ale, amekonda.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegundua! Masharti ya shindano yako ukutani ukumbini, aliyachora babu yako mwenyewe kwa rangi nyeusi. Chuma kitoke chini. Magoti yanyooke. Hesabu ifike tatu. Basi. Wapi pameandikwa mikono miwili? Hakuna! Nitanyanyua kwa kushoto.

Nikaanza mazoezi uani. Dumu la maji, lita ishirini. Likapanda. Nikajisifu. Nikataka kugeuka nalo. Dumu likaendelea na safari yake, mimi nikalifuata, na ule mkono wa kulia ukataka kusaidia bila kuulizwa. Mama yangu wee! Nyota mchana kweupe. Nikakaa juu ya dumu nipumue.

Hapo ndipo Mama Mizani alipoingia, hodi hana, mfuko wa machungwa mkononi. Akauliza mwenzangu, mbona umekalia dumu. Nikasema naliatamia. Akasema likiangua nimwekee kifaranga kimoja. Akamenya machungwa yote sita, akanilisha kama mtoto, akafua na mashuka. Ana roho mbaya yule mwanamke. Anajua kabisa huwezi kumchukia mtu aliyekufulia mashuka. Nimejaribu jioni nzima.

Jumapili, 9 Machi

Leo hakuna mpango. Nimeutoa mkanda chini ya godoro nikaupaka mafuta.

Wewe hukumjua babu yako akiwa na nywele. Alikuwa fundi viatu, kituo chake nje ya lango la ghala, juu ya kreti la soda. Mimi napita na magunia, yeye kainamisha kichwa anagonga soli. Nilidhani hanioni. Miezi mitatu! Siku moja akanisimamisha, akasema mgongo wako unalia, nausikia kutoka hapa. Nikamwambia asikilize viatu vyake. Wiki iliyofuata akaniletea mkanda: ngozi nene kama kidole, imeshonwa mara mbili kwa uzi wa nta, bizimu aling'oa kwenye mkoba wa zamani. Hakusema ananipenda. Alisema usilegeze.

Miaka mingi baadaye ukumbi ukaanzisha shindano la wazee, zawadi hawana. Babu yako akautoa mkanda wangu! Niligomba siku mbili. Akasema kama wewe hodari kweli, si utaurudisha nyumbani? Nikaurudisha. Nikaendelea kuurudisha.

Mkanda wenyewe ni mkaidi kama aliyeushona. Mtu mmoja hawezi kujifunga. Lazima mwingine asimame nyuma yako, akuwekee goti kiunoni, avute mpaka tundu la nne. Alikuwa akinifunga yeye, kisha anahesabu moja, mbili, tatu, kwa sauti ya kugonga misumari. Alipofariki, shindano la mwaka ule nilisimama mkanda uko wazi kiunoni, namngojea. Nilisahau kwamba hayupo. Watu wote wananionea haya. Mara goti likanigusa. Mama Mizani. Akavuta, tundu la nne, akaenda zake kusubiri kushindwa. Tangu hapo ananifunga yeye kila mwaka.

Nisingeandika hayo. Yananiharibia uadui.

Jumanne, 11 Machi

Mpango mpya: mkanda umeibwa! Nikampelekea habari Kinyozi, msimamizi wa shindano. Wiki nzima ananyoa vichwa, siku ya shindano anapuliza filimbi. Nilitegemea aseme pole, yaishe. Kumbe akauleta ukumbi mzima kunisaidia kutafuta! Watu kumi na wanne, nusu yao wana magoti mabovu, wanapekua makabati yangu. Wamepata mkasi niliomsingizia jirani, viatu vyako vya shule, na barua ya babu yako ambayo siku zile sikuweza kuisoma. (Nimeisoma leo. Ananiagiza misumari ya viatu na uzi. Nimeiweka pazuri.)

Mama Mizani akaketi kitandani, pale pale juu ya mkanda, akaanza kulia. Ati hakutaka kuupata kwa sababu mimi mgonjwa, wala kwa sababu umepotea. Alitaka aushinde, hata mara moja, kabla miguu haijamwisha. Alilia kweli, na kamasi. Nikampa ncha ya shuka, lile lile alilofua. Wakati wa kuondoka akanipapasa shavu, akasema mwenzangu, godoro lako lina mfupa.

Amejua! Nimeona aibu mpaka masikioni. Nikamwita Kinyozi nikamwambia mkanda umeonekana. Akauliza ulikuwa wapi. Nikasema umejirudisha.

Alhamisi, 13 Machi

Kinyozi amekataa mkono mmoja. Ati masharti hayakutaja mikono miwili kwa sababu aliyeyaandika hakudhani kuna mtu atauliza. Ati hampandishi jukwaani mtu aliyefungwa shingoni, hana maneno ya kuwaeleza wanangu. Nikamwita mkata ndevu. Akasema ndiyo, na zako nazo zimeanza kuota, pita nikusaidie.

Jioni akaja Mama Mizani. Kwa utaratibu wa ukumbi, anayeuwania mkanda anaufunga kwenye jaribio lake la mwisho. Akaniomba nimfunge mimi. Ati hakuna mwingine anayeujua.

Nilikubali upesi mno. Mpango ulikuwa umeshanijia wenyewe, mdogo, safi: tundu la tatu. Nani ataona? Mkanda ukilegea, tumbo halina pa kuegemea, na kilo mia ni kilo mia. Atashindwa kidogo tu. Mkanda unarudi nyumbani.

Usinitazame hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi ulijaa. Harufu ile ile ya chaki, jasho na dawa ya kuchua. Nimekaa kwenye benchi kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Tisini, Mama Mizani akazitoa kama anaokota kijiko. Tisini na saba, kwa jasho. Ikabaki mia.

Akaja akanipa mgongo. Mgongo ule naujua kuliko uso wake. Nikapitisha ngozi, nikatumbukiza bizimu kwenye tundu la tatu. Akauliza tayari? Nikasema tayari. Hakupapasa hata kidogo kuhakikisha. Akaenda.

Akainama. Nikaona mwanga kati ya mkanda na mgongo, nafasi ya kidole kizima. Na nikausikia! Wallahi nimeusikia, kutoka pale benchini, mgongo wa mtu mzima unalia kabla haujaumia.

Nikapiga ukelele: simama! Ukumbi wote ukasimama, hata waliokuwa na magoti mabovu. Kinyozi akapuliza filimbi, akasema nitatolewa nje. Nikamwambia ajaribu. Nikapanda. Goti kiunoni, mkono wa kushoto ukavuta. Hautoshi. Nikauma ncha ya mkanda kwa meno nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote. Bega likanichoma mpaka kisogoni. Tundu la nne! Mama Mizani akagugumia kwamba namkata vipande viwili. Nikamwambia, mdomo umejaa ngozi, usilegeze.

Chuma kikatoka chini. Kikapita miundi. Kikasita magotini, na mimi nikasita nacho. Ningeweza kuomba kianguke. Nilisahau. Magoti yakanyooka! Na Kinyozi kaduwaa, filimbi imemdondoka, hakuna anayehesabu. Nikahesabu mimi. Moja. Mbili. Tatu. Sauti ilitoka inagonga misumari. Sikujua kama ninayo.

Mkanda umekwenda. Nimemkabidhi mwenyewe. Nililia, nikasema ni vumbi la chaki. Mama Mizani akasema na yeye limemwingia. Tukasimama pale tunafutana vumbi kama watoto.

Godoro leo limelala sawasawa. Silipendi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepita sokoni. Mama Mizani anapima maharage, mkanda kauvaa juu ya gauni! Mkanda wa mume wangu! Nikamwambia unaingia vumbi. Akasema basi njoo Jumapili unifundishe kuupaka mafuta. Nitakwenda. Kwa ajili ya ngozi tu.

Kutoka hapo, hospitali. Binti wa Viungo ameona bega limevimba, akanirudisha nyuma wiki tatu. Akauliza kama sasa nimejifunza. Nikamshika mkono nikamwambia sana, mwanangu, nimejifunza sana. Akalainika, maskini. Akaniandikia zoezi jipya: mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, na subira ya miezi sita.

Nikapiga hesabu njiani. Kama mara kumi inaponya kwa miezi sita, mara arobaini inaponya kwa mwezi mmoja na nusu. Shule sikwenda, lakini hilo liko wazi. Nimeshafanya arobaini za asubuhi. Bega limeanza kupiga kelele, ni furaha.

Mwaka ujao kilo mia na kumi. Fundi wa gereji amenipa ringi mbili za lori zilizopinda, nimezificha nyuma ya choo, nimezifunika kwa beseni la kufulia. Mkono wa kushoto peke yake hauzisogezi. Basi, safari ijayo ukija, usipitie mlango wa mbele, Mama Mizani anaona kila kitu. Zunguka uani. Vaa viatu visivyoteleza, kula kabisa kabla hujaja, na ukikutana na Binti wa Viungo njiani, mwambie umekuja kuniosha nywele.