Sauti Yangu Kwenye Filamu ya Mama Brigitte

Jumatatu, 2 Juni 2025
Habari kubwa. Mama Brigitte, yule aliyepiga filamu kule Kambove kwenye migodi, anatafuta wimbo wa kuifunga. Ameita waimbaji wawili: mimi na Wivine. Wivine wa kwaya! Mimi nimechezesha harusi za nusu ya Lubumbashi. Yeye anaimba misibani. Tumepewa pia hadithi yote, kurasa tisini. Sijaisoma. Msanii hafundishwi hisia na karatasi. Mke wangu Madeleine aliuliza filamu inahusu nini. Nikamwambia inahusu maisha.

Jumanne, 3 Juni
Wimbo tayari. Ni ule niliomtungia Papa Clément alipofungua baa yake. Nimetoa jina la Clément, nimeweka "mupenzi". Kazi ya dakika tano.
Jambo la pili. Tunasikilizwa Ijumaa, studio. Nilimpigia Wivine simu, nikamweleza kwa upole kwamba siku imebadilishwa, ni Alhamisi. Atakuta mlango umefungwa, atarudi kwao Ruashi amenuna, na Ijumaa hataonekana. Akanishukuru. Akaniita kaka.

Ijumaa, 6 Juni
Mlango haukufungwa. Jana Mama Brigitte alikuwa studio peke yake, hana haraka. Alimwonyesha Wivine filamu nzima. Wakalia pamoja, wakatunga upya ubeti wa pili, wakala mihogo. Mihogo! Nimesimuliwa na fundi wa sauti leo, kaske ya kusikilizia muziki ikiwa tayari masikioni mwangu.
Niliimba hivyo hivyo, kwa kiuno na mabega. Kwenye kiitikio Mama Brigitte alisimamisha muziki. Akauliza kama nilisoma hadithi. Nikasema mara mbili.
"Huyu mwanamuke bwana yake alikufa mu shimo ya mine," akasema polepole. "Na weye uko unamuambia atingishe kiuno?"
Nikajibu kwamba hata huzuni ina mdundo wake. Kisha akasema wimbo wangu atautumia, ila si mwishoni. Akanipa karatasi, nikasaini palepale. Nimeingia kwenye filamu!

Ijumaa, 22 Agosti
Kesho filamu inaonyeshwa. Nimealika wakwe zangu kumi na wanne, pamoja na baba mkwe, ambaye tangu harusi huniuliza nitaanza kazi lini. Nimeshona suti ya rangi ya shaba. Madeleine ameshauri tuende wawili tu, kimya kimya. Hana imani.

Jumamosi, 23 Agosti
Dakika ya arobaini. Mjane amelala kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka. Kutoka baa ya jirani inaingia sauti. Yangu! Nilisimama ili wakwe wanione vizuri. Mjane akainua kichwa.
"Bazimishe ile makelele," akasema. "Niko mu kilio."
Mtu akafunga dirisha. Nilisikika sekunde tisa. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi bado nimesimama. Baba mkwe alicheka mpaka akavua miwani. Miaka minane sijawahi kumchekesha.
Mwishoni Wivine aliimba, bila gitaa wala ngoma. Mama mmoja aliyetoka Kambove alisimama, akajifunika uso kwa kitenge, na hakuna aliyemwambia akae. Mimi pia nililia. Kwanza kwa wivu. Kisha, sijui.
Njiani Madeleine alinishika mkono. Akasema niende kwa Wivine nikajifunze, si aibu.

Jumatatu, 25 Agosti
Mtaani wananiita Papa Makelele. Yaani wananijua. Nimelifikiria shauri la Madeleine kwa dakika nzima.
Asubuhi jirani yangu Mwape kaniletea habari: kuna mtu atapiga filamu Kilwa yetu ya huku ziwani, ya wavuvi, na anataka wimbo. Ameleta na hadithi yenyewe. Ni nene, inakaa vizuri chini ya mguu wa meza. Wimbo ninao tayari, niliutunga kwa harusi moja. Nilipotaja jina la bi harusi nitaweka samaki.
Chomba, mwimbaji mwenzangu, naye ameitwa. Nimempigia, nimemwambia kwa masikitiko kwamba filamu imefutwa. Amenishukuru sana. Mtu mzuri yule.