Kura za Mikono Iliyojaa

Jumatatu, 2 Septemba
Mkutano wa nne wa serikali ya wanafunzi. Dakika tisini! Ajenda moja tu: nani abebe bendera ya shule tarehe 14, kwenye gwaride la jiji letu, Cochabamba. Mimi, mwenyekiti, nilipendekeza mwenyekiti. Katibu wangu Yobana akasema eti bendera hubebwa na mwenye alama za juu, yaani yeye. Wajumbe kumi na wawili, wote wakataka kusema. Mmoja akaomba kurudia alichosema mwenzake, kwa kuwa mwenzake alikisema vizuri. Kura hatukupiga. Kengele ikalia.

Jumanne, 3 Septemba
Nimegundua siri ya utawala! Mapumziko ya asubuhi niliwatazama wenzangu wakila. Mtu mwenye salteña, kile kimkate kama sambusa nene, hajiwezi. Ndani ya mkate ule mchuzi umejaa, wa moto. Mkono mmoja unashika, mwingine unakinga. Haongei. Hainui mkono. Ananyonya tu, macho kayatoa.
Shangazi Eulogia huzioka. Nimemwahidi kumenya viazi wiki nzima, anipe za wajumbe wote. Akaniuliza nimemkosea nani. Nikamjibu natumikia umma. Akasema umma unawe mikono kwanza.

Ijumaa, 6 Septemba
USHINDI! Mkutano nimeuhamishia saa nne asubuhi, maana kwetu salteña huliwa asubuhi, ya alasiri hakuna mtu atakayeigusa. Nikangoja kila mmoja ang'ate pembe. Ndipo nikasoma: atakayekuwa mwenyekiti siku ya gwaride ndiye atakayebeba bendera. Jina langu sikulitaja. Unyenyekevu! Anayepinga ainue mkono! Yobana akaguna kwa pua. Mkono haukupanda. Azimio limepita! Dakika nne. Mwalimu mlezi, Arteaga, anasema hajawahi kuona mkutano wenye nidhamu hivyo.

Jumatano, 11 Septemba
Leo mkutanoni Yobana ndiye aliyeleta salteña. Nikajua kasalimu amri. Akanichagulia kubwa kuliko zote, akasema kula, mheshimiwa, kazi imekukondesha. Ana adabu, maskini! Nilipong'ata tu, akasoma: Yobana awe mwenyekiti kuanzia leo, anayepinga ainue mkono. Nami nimevaa shati jeupe la gwaride, kwa ajili ya mazoezi! Nikapinga kwa nyusi. Akaandika kwamba nyusi hazihesabiwi. Dakika tatu. Kasi hiyo nimewafundisha mimi.

Jumamosi, 14 Septemba
Gwaride la kihistoria! Yobana mbele na bendera, kwa sheria yangu, neno kwa neno. Mimi nyuma kabisa na ndoo ya maji ya wapiga ngoma. Shangazi Eulogia akapiga kelele toka pembeni, wee Nivardo, unajimwagia! Watu wakashangilia. Nikawapungia.
Nikiwa njiani nimeliona kosa lilipokuwa. Salteña huisha haraka. Mtu akimaliza, anarudishiwa mikono yake. Jumatatu naomba mkutano wa dharura. Ajenda: kurudi kwangu madarakani. Chakula: supu ya karanga, inayochemka, mabakuli yamejaa hadi ukingoni, meza hakuna. Shangazi amekubali. Nimemsisitizia bakuli langu liwe kubwa kuliko yote.